Sandford Fleming, enjenieri aliyepigania saa moja ya dunia nzima

Kila mutu mwenye jamaa ao kazi huko Kinshasa anajua swali hili. Mutu anapiga simu kutoka magaribi, anasema mukutano utaanza saa tisa, na huku Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi jibu la kwanza ni lile lile: saa tisa ya kwenu, ao saa tisa ya kwetu? Inchi yetu inafwata saa za namna mbili. Kinshasa, Kongo Central, pamoja na majimbo yaliyotoka katika Bandundu na Équateur ya zamani, wako lisaa limoja mbele ya Greenwich. Kivu zote mbili, Maniema, Ituri, Tshopo, Katanga ya zamani na Kasaï wako masaa mawili mbele.

Ndani ya kompyuta na telefone, swali hilo lina jibu fupi sana. Kwenye mwisho wa tarehe na saa kunaandikwa alama ndogo: +01:00 kwa Kinshasa, +02:00 kwa Goma. Tuseme habari imetangazwa Goma saa tisa na dakika kumi za muchana: inaandikwa 15:10+02:00. Habari nyingine imetangazwa Kinshasa siku ile ile, saa nane na dakika makumi ine: inaandikwa 14:40+01:00. Kwa macho tu, ile ya Kinshasa inaonekana kuwa ya kwanza. Lakini ondoa tofauti iliyoandikwa kwenye mwisho: ya Goma inakuwa 13:10 ya Greenwich, ya Kinshasa inakuwa 13:40. Ile ya Goma ndiyo iliyotangulia, tena kwa nusu saa nzima. Watu wenye kutuma feza kwa telefone, wenye kupanga safari za avioni, ao wenye kutafuta kujua ni nani aliyetia sahihi wa kwanza, wanajua nusu saa inaweza kuharibu ao kuokoa nini.

Alama hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Watu walibishana juu yake kwa miaka mingi, kwenye mikutano na kwenye magazeti, na mumoja wa wale waliobishana zaidi alikuwa enjenieri wa reli mwenye ndevu ndefu, muzaliwa wa Scotland, aliyeitwa Sandford Fleming.

Alizaliwa tarehe 7 Januari 1827 katika muji wa Kirkcaldy, karibu na bahari. Akiwa bado kijana wa miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kupima ardhi. Katika mwaka wa 1845, akiwa na miaka 18, alipanda meli pamoja na ndugu yake David kuelekea Kanada, kwa sababu kule Scotland kazi ilikuwa kidogo. Inasimuliwa kwamba njiani walikutana na zoruba kali, na kijana Sandford, akifikiri kwamba watazama, aliandika barua kwa baba yake, akaifunga ndani ya chupa na kuitupa baharini. Meli haikuzama. Chupa nayo iliokotwa na muvuvi kwenye pwani ya Uingereza, na barua ikafika kwa wazazi miezi mingi nyuma, wakati kijana alikuwa tayari Kanada muzima. Barua ile ilifika ikitangaza hatari ambayo ilikuwa imepita zamani.

Kanada ya wakati ule haikuwa inchi moja. Ilikuwa makoloni ya Uingereza yaliyotengana, yenye misitu mingi, barabara mbaya na karibu hakuna reli. Fleming alikaa kwanza Peterborough, kisha akaenda Toronto. Alichora ramani za miji na kuziuza, na katika mwaka wa 1849 akapata ruhusa ya kutumika kama mupimaji wa ardhi. Mwaka ule ule alisaidia kuanzisha chama cha wapimaji na maenjenieri huko Toronto, kile kilichoitwa Canadian Institute. Mwanzoni watu hawakujali. Inasemekana kwamba siku moja walifika wawili tu kwenye mukutano, Fleming na mwenzake mumoja. Basi mumoja akakaa kwenye kiti cha mukubwa, mwingine akawa mwandishi, wakapitisha maamuzi yao na kwenda nyumbani. Chama hicho ndicho, miaka 30 nyuma, kilichosikia mupango wake wa saa kwa mara ya kwanza.

Katika mwaka wa 1851 alichora tembre ya kwanza ya posta ya Kanada, yenye picha ya biva, yule munyama mwenye kukata miti na kufunga mito. Wenye kukusanya tembre wanaifahamu hadi leo. Lakini kazi iliyomupa jina ilikuwa reli.

Ili kuelewa kwa nini enjenieri wa reli alikuja kupigania saa, ni lazima kukumbuka namna watu walivyohesabu wakati mbele ya reli. Kila muji ulikuwa na saa yake. Jua likifika katikati ya mbingu, ni saa sita ya muchana, na kila mutu anapanga saa yake kwa hiyo. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa masaa 24, maana yake digrii 15 kwa kila lisaa, ao digrii moja kwa kila dakika ine. Tuchukue inchi yetu kama mufano. Kongo inaanzia karibu digrii 12 upande wa bahari na kufika karibu digrii 31 upande wa maziwa. Kati ya ncha hizo mbili, jua linachukua lisaa limoja na dakika zaidi ya kumi na tano. Kama kila muji ungefwata jua lake, Kisangani ingekuwa na saa yake, Kindu yake, Bukavu yake, na Goma ingetangulia Bukavu kwa dakika moja na kitu.

Kwa mutu anayetembea kwa miguu ao kwa ngamia, dakika hizo si kitu. Kwa treni ni hatari. Treni mbili zikitumia reli moja, na kila dereva akiwa na saa ya muji wake, zinaweza kukutana mahali ambapo hazikupaswa kukutana. Uingereza, ambayo ni inchi ndogo, makampuni ya reli yaliamua mapema, kuanzia miaka ya 1840, kufwata saa ya Greenwich peke yake. Amerika ya Kaskazini ilikuwa kubwa sana kwa kufanya hivyo. Kila kampuni ilichagua saa ya muji wake mukubwa, na karibu mwaka wa 1880 kulikuwa na saa za reli karibu 50. Katika kituo kimoja musafiri angeweza kuona saa tatu ukutani, zote zikitembea vizuri, na zote zikionyesha wakati tofauti.

Fleming aliishi ndani ya fujo hilo. Alikuwa enjenieri mukubwa wa reli ya kaskazini ya Ontario, kisha kuanzia miaka ya 1860 akasimamia reli ya Intercolonial, iliyounganisha Québec na pwani ya Atlantiki. Huko aligombana na wakubwa wa serkali juu ya madaraja: wao walitaka ya miti kwa sababu ni bei ya chini, yeye akataka ya chuma. Alishinda karibu madaraja yote. Katika mwaka wa 1871 alipewa pia kazi ya kutafuta njia ya reli ya kuvuka Kanada yote hadi Pasifiki. Mwaka uliofwata alifanya mwenyewe safari ile, kwa treni, kwa mashua, kwa farasi na kwa miguu, pamoja na pasta George Monro Grant, aliyeandika kitabu juu ya safari hiyo. Mutu akitoka Halifax hadi pwani ya Pasifiki alipaswa kurudisha saa yake nyuma mara nyingi sana, kidogo kidogo, bila kujua kwa hakika ni mara ngapi. Tuseme pia jambo moja ambalo vitabu vya sifa vinapita haraka: wenyeji wa ardhi zile, waliokaa huko tangu zamani, hawakuulizwa kama wanataka reli wala saa mupya.

Kisha kukaja ile siku ya Ireland. Mwaka ulikuwa 1876. Fleming, akiwa na miaka 49, alikuwa katika safari, na kartasi ya masaa ya treni ilionyesha kwamba treni yake inapita saa kumi na moja na dakika 35 za jioni. Alifika mapema, akangojea. Treni haikuja. Waliochapa kartasi ile walikosea alama moja: treni ilikuwa imepita asubui, masaa 12 mbele. Fleming alilazimika kungojea usiku muzima. Wengi wanasimulia kwamba usiku ule ndio uliozaa mawazo yake yote juu ya saa. Ni hadisi nzuri, lakini inakuza mambo kidogo. Mutu aliyetumika kwenye reli kwa zaidi ya miaka 20 hakungojea kartasi moja mbovu ili aone kwamba saa zina shida. Kile ambacho Ireland ilimufundisha ni jambo la pembeni: masaa yahesabiwe kutoka sifuri hadi 24, pasipo kugawanya siku vipande viwili. Sisi wenye kusema Kiswahili tunaweza kumuelewa. Mutu akisema saa mbili kwa hesabu ya Kiswahili na mwenzake akasikia kwa hesabu ya Kifaransa, mumoja wao atafika masaa sita mbele ao nyuma, na hakuna mwenye kosa. Kuandika 08:00 ao 20:00 kunamaliza mabishano.

Mupango wake wa kwanza ulikuwa mukali kuliko ule tunaotumia leo. Fleming alitaka dunia nzima iwe na saa moja tu. Mutu wa Tokyo, wa London na wa Toronto wangetazama saa zao na kuona wakati ule ule, hata kama kwa mumoja ni usiku na kwa mwingine ni muchana. Ili watu wasichanganye saa hiyo ya dunia na saa ya nyumbani, alifikiri kutumia herufi za alfabeti mahali pa namba. Dunia ingegawanywa vipande 24 vya digrii 15, kila kipande na herufi yake. Alitengenezesha hata saa ya mufukoni huko London iliyoonyesha wakati wa dunia na wakati wa mahali pamoja. Kwa hiyo, miaka zaidi ya 140 iliyopita, mutu mumoja alitembea na chombo kilichomuonyesha mambo mawili ambayo telefone zetu zinashika leo: saa ya hapa, na namna inavyofungana na saa ya wote.

Watu wenye elimu hawakumupokea vizuri. Katika mwaka wa 1878 alisafiri hadi Dublin ili kueleza mawazo yake kwenye mukutano mukubwa wa wanasayansi wa Uingereza, lakini hawakumupa nafasi ya kusema. Akarudi Kanada bila kusikilizwa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1879 alisoma mupango wake mbele ya wenzake wa Canadian Institute huko Toronto, na mukubwa wa serkali ya Uingereza huko Kanada akautuma kwa inchi mbalimbali kupitia London. Majibu mengi yalikuwa baridi. George Airy, mukubwa wa kituo cha Greenwich chenyewe, hakuona faida yake. Huko Marekani, Simon Newcomb, aliyesimamia vitabu vya hesabu za nyota kwa ajili ya mabaharia, aliona kwamba ni mupango muzuri kupita kiasi kwa wanadamu wa wakati ule, na kwamba Marekani haikuwa na haja ya kujisumbua juu ya Ulaya.

Mwaka wa 1880 ulikuwa mubaya kwake. Serkali ilimuondoa kwenye kazi ya reli ya Pasifiki. Wapinzani walisema kwamba upimaji ulichukua miaka mingi na feza nyingi. Kampuni iliyochukua kazi ile iliacha pia njia aliyoipendekeza kupitia milima na kuchagua njia ya kusini. Alikuwa na miaka 53. Mwaka ule ule chuo cha Queen's, huko Kingston, kilimuchagua kuwa kansela, na akabaki kwenye kiti hicho hadi kufa. Wakati uliokuwa wa reli akaugeuza kuwa wa barua: aliandikia maprofesa, makampuni, maministri, vyama vya maenjenieri, bila kuchoka.

Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake, na kwamba leo anapewa sifa kidogo kuliko anazostahili kwa upande mumoja na nyingi kuliko anazostahili kwa upande mwingine. Huko Italia, Quirico Filopanti alikuwa ameandika juu ya kugawanya dunia vipande vya masaa tangu mwaka wa 1858. Huko Marekani, mwalimu mumoja, Charles Dowd, aliyeongoza shule ya wasichana, alikuwa amebembeleza makampuni ya reli tangu karibu mwaka wa 1870. Na aliyefanya kazi yenyewe ya kupanga, muji kwa muji na kituo kwa kituo, alikuwa William Allen, katibu wa makampuni ya reli. Kwa mupango wa Allen, Siku ya Yenga tarehe 18 Novemba 1883, reli za Marekani na Kanada zilibadilisha saa zao siku moja. Katika miji mingine saa zilisimamishwa kwa dakika kazaa, watu wakakusanyika barabarani kutazama kama kutatokea kitu. Hakukutokea kitu. Saa zile karibu 50 zikabaki tano, zikitofautiana kwa lisaa moja moja kamili kuanzia Greenwich.

Mwaka uliofwata, Oktoba 1884, raisi wa Marekani aliita wajumbe wa inchi mbalimbali huko Washington ili kuchagua mustari mumoja wa kuanzia kuhesabu. Inchi 25 zilifika. Kutoka Afrika ilikuwa Liberia peke yake. Fleming alikuwa ndani ya kikundi cha Uingereza, akisimamia Kanada.

Huko alifanya jambo ambalo lilishangaza wenzake. Ufaransa haikutaka Greenwich kwa sababu ni mahali pa Waingereza. Ilitaka mustari usio wa taifa lolote. Fleming, ingawa alikaa kwenye meza ya Uingereza, alipendekeza mustari upite upande wa pili wa dunia, digrii 180 kutoka Greenwich, katikati ya Pasifiki ambako karibu hakuna ardhi. Hesabu za mabaharia hazingeharibika, na hakuna taifa ambalo lingejisifu. Wajumbe wengine wa Uingereza walisimama na kusema wazi kwamba hawako pamoja naye. Pendekezo lake halikufika mbali. Tarehe 13 Oktoba wakapiga kura: 22 wakakubali Greenwich, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brésil wakanyamaza.

Kisha likaja swali ambalo linatuhusu moja kwa moja: kutoka Greenwich tuhesabu namna gani? Wengine, na Fleming kati yao, walipendelea kuzunguka dunia upande mumoja, kutoka sifuri hadi 360. Mukutano ukachagua kuhesabu pande mbili, hadi digrii 180 kila upande, mashariki ikiwa na alama ya kujumlisha na magaribi alama ya kutoa. Kura hiyo haikuwa ya wote: 14 walikubali, 5 wakakataa, wengine wakanyamaza. Lakini alama ya + inayotangulia 02:00 kwenye saa ya Goma inafwata desturi ile: jua linatufikia sisi mbele ya Greenwich, basi saa yetu inaongezwa, Halifax, ambako Fleming alikuwa na nyumba, ni -04:00 wakati wa baridi. Kosa la kawaida liko hapo. Watu wanaona + na wanafikiri waongeze ili kupata saa ya Greenwich. Ni kinyume: alama inasema kile kilichokwisha kuongezwa, kwa hiyo ili kurudi sifuri tunaondoa.

Mukutano wa Washington ulikubali siku moja ya dunia, inayoanza usiku wa manane huko Greenwich. Haukulazimisha inchi yoyote kufwata vipande vya masaa. Ulifungwa tarehe 1 Novemba 1884. Majuma mawili tu nyuma, tarehe 15 Novemba, wajumbe wa inchi nyingi zilezile walikaa Berlin, kuzungumuza juu ya biashara ya bonde la muto Kongo. Mukutano wa Berlin ulipoisha, Léopold wa Pili alikuwa anatambuliwa kuwa mwenye inchi hii. Ni vuli moja: huku walichora mistari ya saa, kule walichora njia ya mipaka. Saa zetu za namna mbili zinakaa juu ya kazi za mikutano yote miwili.

Inchi ziliingia katika mupango huo moja moja, kila moja kwa kiburi chake. Ufaransa ilingojea hadi mwaka wa 1911. Hata wakati huo sheria yake haikutaja Greenwich. Ilisema tu kwamba saa halali ni ya Paris ikicheleweshwa kwa dakika 9 na sekunde 21, ambayo ni Greenwich kwa jina lingine. Liberia, iliyopiga kura ya ndiyo huko Washington, ilibaki na saa ya Monrovia, dakika 44 na nusu nyuma ya Greenwich, hadi mwaka wa 1972. India hadi leo ni +05:30, Nepali +05:45. Huyu anayeandika programu za kompyuta na kufikiri kwamba tofauti ni za masaa kamili tu, atajuta.

Karibu na kwetu, tofauti inaonekana kwa miguu. Mutu akivuka kutoka Goma kwenda Gisenyi haguse saa yake, wala mutu wa Uvira akienda Bujumbura. Lakini Bunagana ao Kasindi, hatua chache tu ndani ya Uganda ni +03:00, na mashua inayotoka Kalemie kwenda Kigoma inapoteza lisaa limoja juu ya ziwa.

Herufi za Fleming hazikupotea zote. Mabaharia, wanajeshi na marubani wanatumia herufi kwa vipande vya masaa, ingawa mupangilio wao si ule aliouchora yeye. Greenwich ni Z. Lisaa limoja mbele ni A, masaa mawili ni B. Kinshasa ni A, Goma na Lubumbashi ni B. Hiyo Z ndiyo inayoonekana kwenye mwisho wa saa nyingi ndani ya kompyuta, kama 13:10Z, ikimaanisha kwamba hakuna kitu cha kuongeza wala kuondoa. Mwaka wa 1988 kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 8601 ilikusanya desturi hizo: mwaka kwanza, mwezi, siku, kisha saa ya kuanzia sifuri hadi 24, na kwenye mwisho Z ao tofauti yenye alama yake. Saa ya Fleming ya kutoka 0 hadi 24 imo. Saa yake moja ya dunia imo pia, lakini imefichwa. Haionekani mbele, inapatikana kwa hesabu. Na kile alichotaka kukifuta, saa ya mahali, ndicho kinachoandikwa kwanza.

Yeye mwenyewe aliendelea na mambo mengine. Tarehe 7 Novemba 1885, wakati musumari wa mwisho wa reli ya Pasifiki ulipogongwa katika milima huko Craigellachie, alikuwa pale, akiwa sasa mumoja wa wakurugenzi wa kampuni. Katika picha maarufu anaonekana katikati, mrefu, kofia ndefu kichwani na ndevu nyeupe kifuani. Reli ilipita njia ambayo hakuichagua. Kwa zaidi ya miaka 20 alipigania pia waya ya telegrafu ipite chini ya Pasifiki, kutoka Kanada hadi Australia na New Zealand. Ilimalizika Oktoba 1902. Kwa waya ile, habari iliyoondoka Australia Jumatatu asubui ingeweza kufika Kanada Siku ya Yenga, kwa sababu kati yao kunapita mustari ule wa upande wa pili wa dunia. Malkia Victoria alikuwa amekwisha kumupa cheo cha Sir katika mwaka wa 1897.

Sandford Fleming alikufa tarehe 22 Julai 1915 huko Halifax, akiwa na miaka 88. Alizikwa Ottawa, katika makaburi ya Beechwood. Kutoka Halifax hadi Ottawa, saa inarudi nyuma kwa lisaa limoja.